Doti Tatu za Darasa la Nne

Mwalimu Nasima alikuwa na tabia moja iliyomuudhi kila aliyeshika fagio pale skuli: alifundisha hesabu sakafuni. Karatasi kubwa hakuna, ubao wenyewe umechakaa katikati mpaka chaki inateleza, naye akaitazama saruji ile yote imelala bure, akaona haya ni maonevu. Akawagawia watoto wa darasa la nne vipande vya chaki, vile vidogo ambavyo walimu wengine huvitupa, akawaambia wapige magoti wachore. Kipindi kikimalizika darasa zima jeupe, na watoto magoti meupe kama waliotambaa kwenye unga wa ngano.

Skuli ile imo ndani ya Mji Mkongwe, jengo la zamani lenye kuta nene, na darasa la Nasima liko chini, upande wa kichochoro. Mtu akipita nje akikohoa, watoto wanamjua ni nani, na wengine humjibu.

Nasima hakuwa mwalimu aliyeajiriwa. Alikuwa wa kujitolea, mwaka wa pili sasa, na kujitolea, kila aliyewahi kujitolea anajua, ni kazi nzuri yenye mikono mitupu. Ami yake alikuwa na duka Shangani la kuwauzia wageni vinyago na viungo vilivyofungwa kwenye vikapu vidogo, na kila Ijumaa baada ya sala alimpitishia neno lile lile: "Mwanangu, kiti chako kipo, njoo ukikalie." Nasima akicheka, akisema inshaallah, moyoni akiomba isiwe. Alikwishajaribu likizo moja. Kusimama kutwa nzima akimwambia mtu asiyemuelewa kwamba mdalasini ni mdalasini kulimchosha kuliko watoto arubaini na zaidi wanaopiga kelele.

Ndipo Mwalimu Mkuu, Mwalimu Abdulrazak, alipomwita ofisini akamwambia nafasi moja ya hesabu imepatikana.

"Jumatano anakuja mkaguzi," akasema. "Bi Faiza. Anakuja kukusikiliza wewe. Akisema ndiyo, mie natia saini siku hiyo hiyo. Akisema la, nafasi inakwenda kwa mtu mwengine na mie sina la kufanya."

"Ni mkali?"

Mwalimu Abdulrazak akaivua kofia yake, akaitazama ndani, akaivaa tena. "Si mkali. Hasahau tu."

Basi Nasima akatoka na Jumatano yake kichwani.

Somo walilokuwa nalo ni la kuhesabu michanganyiko. Jumatatu alianza na chakula, maana watoto wa saa nne asubuhi ukiwatajia chakula wanakusikiliza.

"Sikilizeni. Vya kula kuna boflo, chapati na mkate wa ufuta. Vya kunywa kuna chai na uji. Mtu anachukua kimoja cha kula na kimoja cha kunywa. Anaweza kuchukua kwa njia ngapi?"

"Tano!" akapiga kelele Anwar, aliyekuwa na kawaida ya kujibu kabla swali halijafika mwisho.

"Umezipata vipi?"

"Tatu na mbili, tano."

"Hizo ni sahani na vikombe ulivyohesabu, baba. Mimi nnauliza njia. Haya, tuandike orodha."

Wakaandika orodha sakafuni. Boflo na chai. Chapati na uji. Mkate wa ufuta na chai. Chapati na uji tena. Kila mmoja akapata idadi yake. Mmoja kasahau boflo, mmoja kaandika kitu kimoja mara mbili, na Nadir, mtoto wa kinyozi, mwenye ulimi kuliko umri wake, kaongeza maharage ambayo hakuna aliyeyataja.

"Mnaona? Orodha ukiiandika ovyo inakukimbia. Sasa tutaipandia mti." Nasima akapiga magoti, akachora nukta, na kutoka kwenye nukta akavuta mistari mitatu. "Tawi la boflo. Tawi la chapati. Tawi la mkate wa ufuta. Kila tawi lina vijitawi vyake. Boflo anakwenda na nani?"

"Chai!"

"Na nani tena?"

Nadir akadakia: "Boflo na uji haviendi, mwalimu."

"Kwenu haviendi. Kwengine vinakwenda. Mti hauulizi, Nadir."

"Mti hauulizi, lakini tumbo linauliza."

Darasa likacheka, Nasima naye akacheka, akachora kijitawi cha uji, na Nadir akakitazama kwa masikitiko kama mtu anayeona chakula kinamwagwa. Hata hivyo walipohesabu ncha za matawi wakapata sita, wote, kwa sauti moja. Nasima akafurahi. Akaona Jumatano haina tatizo.

Mtoto mmoja tu hakuipandisha sauti yake. Kazija alikaa karibu na dirisha, akachora mti wake vizuri, mistari imenyooka, akaufuta kwa kiganja kabla mtu hajauona.

Hakuwa hivyo zamani. Mwanzoni mwa mwaka Kazija alikuwa wa kunyoosha mkono mpaka mwili wote unasimama. Kisha siku moja alisahau daftari nyumbani, mama yake akamletea. Mama yake ni Bi Saadiya, anayepika vitumbua asubuhi kwenye baraza iliyo njia ya kwenda sokoni Darajani, nusu ya Mji Mkongwe inakula kwake kabla ya kwenda kazini. Alikuja kama alivyokuwa, ametoka jikoni, kiunoni amejifunga kanga ya manjano, kichwani amejitanda ya buluu. Vipande viwili, vya doti mbili tofauti. Mtu wa Unguja haambiwi maana yake. Kanga hununuliwa doti, vipande viwili vilivyo sawa, hukatwa, hupindwa, hiki kinajifungwa na hiki kinajitandwa, na mwanamke anayetoka mlangoni hutoka na doti yake kamili. Sauti moja ikasema nyuma ya darasa, "Mama Kazija kavaa gizani!" Darasa likaangua kicheko. Nasima aliwakemea, lakini kicheko hakirudi kinywani. Bi Saadiya alitabasamu, akaweka daftari mezani, akaenda zake. Tangu siku ile mkono wa Kazija haukupanda.

Haya Nasima aliyajua. Aliyajua vizuri sana. Ndiyo maana hata baadaye alijiuliza akili yake ilikuwa wapi alipoamua kwamba mfano wa Jumatano utakuwa wa kanga.

Alitaka kitu cha kushika mkononi, kizuri, cha rangi, cha kumpendeza mkaguzi. Usiku wa kuamkia siku ile akamwomba mama yake doti tatu, na mama akampa kwa sharti la kwamba zirudi kama zilivyokwenda. Moja ya buluu, moja ya manjano yenye michoro ya korosho, na moja kisutu, ile nyekundu na nyeusi na nyeupe anayovaa bi harusi.

Jumatano Bi Faiza aliingia bila kelele. Mwanamke mfupi, mnene kidogo, buibui jeusi na miwani ya kamba. Watoto wakasimama.

"Shikamoo, Bi Faiza!"

"Marahaba, wanangu. Kaeni. Mimi sipo."

Akakaa nyuma kwenye kiti walichomwekea, akafungua kalamu. Watoto, kwa kuwa wameambiwa hayupo, wakageuka wote kumtazama.

"Macho huku," Nasima akasema, na sauti yake ikatoka nyembamba kuliko alivyoitaka. Akazitandika kanga juu ya meza. "Haya. Bi harusi ana doti tatu. Moja buluu, moja manjano, moja kisutu. Anataka kuvaa kimoja cha kujifunga na kimoja cha kujitanda. Ana njia ngapi za kuvaa? Chukueni chaki. Choreni mti."

Wakapiga magoti. Chaki zikaanza kusugua. Nasima akapita katikati yao mikono nyuma, kama mtu asiye na wasiwasi.

Anwar alikuwa wa kwanza, bila shaka. "Tatu!"

"Chora kwanza, Anwar."

"Nshachora. Tatu."

Akainama kutazama. Anwar alikuwa amechora mistari mitatu, na juu ya kila mstari mstari mmoja. Buluu na buluu. Manjano na manjano. Kisutu na kisutu. Akatazama wa pembeni yake. Vile vile. Akatazama mstari mzima wa watoto. Darasa zima limepanda miti isiyo na tawi, imesimama mitatu mitatu sakafuni kama minazi.

Nasima akainua mkono. "Hebu ngojeni. Nimesema kimoja cha kujifunga na kimoja cha kujitanda. Cha kujifunga anaweza kuchukua kipi?"

"Chochote," wakasema.

"Akishajifunga buluu, cha kujitanda anaweza kuchukua kipi?"

"Buluu!"

"Hawezi kuchukua manjano?"

Wakamtazama kwa huruma. Msichana mmoja wa mbele akasema polepole, kama anayemfahamisha mtoto mdogo, "Mwalimu, hiyo ya manjano ina mwenzake."

"Najua ina mwenzake. Lakini tuseme..."

"Umesema doti tatu, mwalimu," akaingilia Nadir. "Doti ni doti. Ungetaka vipande ungesema vipande."

"Nadir, juzi nilisema nini? Mti hauulizi."

"Juzi ilikuwa boflo. Boflo halina mwenzake."

Nyuma ya darasa kalamu ya Bi Faiza ikaandika kitu. Kitu kirefu. Nasima akaona duka la ami yake, kiti kile, vikapu vya mdalasini, mgeni anayenusa na kuuliza tena.

Hapo ndipo alipofika dirishani.

Kazija alikuwa amekaa chini, si kwa magoti kama wenzake, amekaa kabisa, sketi yake imetandazwa sakafuni kama mkeka. Lakini sketi ya darasa la nne haifuniki kila kitu. Ukingoni ilitokeza ncha ya tawi, na pembeni yake nyengine, na nyengine. Nasima alihesabu yanayoonekana akajua yasiyoonekana. Mtoto huyu alikuwa amechora mti wa kweli. Matawi matatu, na kila tawi na vijitawi vitatu. Tisa.

Wakatazamana. Kazija akatikisa kichwa, kidogo sana, kiasi cha mtu mmoja kuona.

Na Nasima akaelewa kwa nini katika darasa zima ni huyu mmoja tu aliyeona tisa. Kila asubuhi ya maisha yake ameiona buluu na manjano. Akimwita mbele sasa, akamwambia waonyeshe wenzako, somo limepona. Mkaguzi atasema huyu mwalimu anaeleweka, ona yule binti. Na sauti ile ya nyuma itasema tena, tena mbele ya mgeni: ah, kwao si ndivyo wanavyovaa!

"Mwalimu," ikaja sauti ya Bi Faiza. "Yule binti wa dirishani. Naona yeye kachora zaidi. Hebu asimame tuone."

Vichwa vyote vikageuka. Kazija akaibana sketi yake kwa mikono miwili.

Nasima akasikia kinywa chake kinasema, "Huyo bado hajamaliza, Bi Faiza."

"Si kitu. Tuone alipofikia."

"Nitamwita mwenyewe akimaliza. Tafadhali."

Bi Faiza aliishusha miwani yake, akamtazama Nasima juu ya vioo, akaandika tena. Neno moja tu safari hii.

Haya, mambo yameshaharibika. Na mtu mambo yake yakiharibika kabisa huwa anapata uhuru fulani, hana tena cha kulinda. Nasima akarudi mezani, akachukua kisutu, akajifunga kiunoni juu ya buibui lake. Akachukua buluu, akajitanda kichwani. Akageuka.

Darasa likalipuka. Anwar alijilaza sakafuni kabisa, akaufuta mti wake wote kwa mgongo.

"Bi harusi karukwa na akili!" akalia Nadir. "Mtoeni! Bwana harusi anakimbia!"

"Mnacheka," Nasima akasema, akajizungusha ili wamuone vizuri. "Chekeni. Mimi kwetu, jana magharibi, nilikuwa nakuna nazi. Unajua nilivaa nini, Nadir? Kiunoni manjano, kichwani taulo."

Wakacheka zaidi.

"Sasa nani hapa, mama yake akiwa jikoni, au anaosha nguo, au anamkogesha mtoto, huvaa doti kamili? Anyooshe mkono. Na asiseme uongo, mgeni anasikiliza."

Mikono mingi ikapanda kwa mori. Kisha mmoja ukashuka. Kisha mwengine. Msichana wa mbele, yule aliyemfahamisha, akautazama mkono wake mwenyewe akauteremsha taratibu.

"Mama akiosha hujifunga ile iliyotoboka," akakiri.

"Na juu?"

"Juu... yoyote inayoangukia mkono."

"Bibi yangu kiunoni hufunga mbili!" akasema mwengine. "Na zote hazifanani!"

"Mamaangu huvaa shati la baba," akasema Anwar kutoka sakafuni, na hiyo ikawachekesha mpaka mkaguzi akaweka mkono mdomoni.

"Nadir? Mkono wako bado uko juu."

Nadir akafikiri. Alikuwa na mdomo mrefu lakini si mwongo. "Akitoka, doti kamili," akasema. "Jikoni..." Mkono ukashuka. "Lakini mwalimu, jikoni hakuna anayekuona."

Na hapo, kutoka dirishani, ikaja sauti ambayo darasa lile halikuisikia kwa miezi.

"Mama yangu jiko lake liko nje."

Hakuna aliyecheka. Si kwamba walikatazwa. Ilikuwa kama wote kwa pamoja wameiona ile baraza wanayopita kila asubuhi, chuma cha vitumbua, moshi, Bi Saadiya ameinama. Wengi wao walikuwa na kitumbua chake tumboni saa ile ile.

Kazija alikuwa amekwishasimama. Nyuma ya sketi yake chaki imempigia chapa ya mti mzima, kinyumenyume, lakini hakujua na hakuna aliyemwambia.

"Cha chini huungua," akasema, akimwambia Nasima peke yake kama hakuna mwengine. "Mafuta yanaruka, na moto uko magotini. Cha juu kinabaki kizima. Basi vya juu tunavyo vingi na vya chini vinakwisha. Asubuhi mie ndiye ninayemchagulia. Ananambia, haya, Kazija, leo bi mkubwa wako atoke vipi?" Akautazama mwili wa mwalimu wake kutoka kichwani hadi miguuni, na uso wake ukabadilika, ukawa uso wa fundi aliyeona kazi mbaya. "Hivyo ulivyovaa wewe haviendi, mwalimu."

"Haviendi?"

"Kisutu chini kinakula kila kitu. Weka juu. Chini weka manjano."

Mwalimu akabadilisha, mbele ya darasa na mkaguzi. Kazija akamzunguka, akavuta pindo, akarudi nyuma hatua, akakunja uso.

"Afadhali," akasema.

"Afadhali kweli," akasema msichana wa mbele, kwa mshangao.

"Njoo uchore," Nasima akasema, na akampa chaki nzima, mpya, isiyovunjika.

Kazija akapiga magoti katikati ya sakafu, wenzake wakamzunguka mpaka Bi Faiza naye ikabidi ainuke kitini kuona. Akachora shina. Tawi la kujifunga buluu, na juu yake vijitawi vitatu, buluu, manjano, kisutu. Tawi la manjano, vijitawi vitatu. Tawi la kisutu, vitatu. Akaandika orodha pembeni, moja moja, kwa mpango, bila kurudia na bila kuruka, na kwenye kila mstari wenzake wakatoa hukumu.

"Buluu na manjano?"

"Inakwenda!"

"Manjano na kisutu?"

"Tushaiona, inakwenda!"

"Kisutu na buluu?"

"Mtoeni!" wakapiga kelele wote, na Kazija mwenyewe akacheka, akaiandika hata hivyo.

"Kwa nini unaiandika ikiwa haiendi?" akauliza Anwar.

"Kwa sababu inaweza kuvaliwa," Kazija akasema. "Ikiwa mbaya si kwamba haipo. Hebu hesabu."

Anwar akahesabu. Tisa.

"Basi sisi tumekosa," akasema Nadir, akiitazama minazi yake mitatu sakafuni.

Nasima alifungua mdomo, lakini Bi Faiza, aliyesema hayupo, akawahi. "Hamkukosa. Mimi nikitoka kwenda harusini na doti zangu tatu nina njia tatu, na wewe Nadir umenitetea vizuri. Nikiwa jikoni nina tisa. Swali ndilo halikutuambia bi harusi yuko wapi." Akamgeukia Nasima. "Endelea, mwalimu. Mimi sipo."

Kipindi kilipokwisha, Nasima akamfuata mkaguzi ofisini, kanga zake mkononi zimekunjwa vibaya, chaki usoni. Mwalimu Abdulrazak akawapisha, akasimama nje ya mlango karibu sana kwa mtu asiyesikiliza.

Bi Faiza akaisafisha miwani yake kwa ncha ya mtandio. Hakuwa na haraka.

"Ulinambia yule binti hajamaliza."

"Naam."

"Alikuwa kamaliza."

"Naam, Bi Faiza. Alikuwa kamaliza."

"Mbele ya darasa zima ukanidanganya."

Nasima hakujitetea. Angeweza kueleza habari ya daftari na kicheko, lakini ile ilikuwa habari ya Kazija, si yake kuitoa. "Naam," akasema. "Ningemwita, angeumia. Ukiniuliza kesho ntasema tena hajamaliza."

"Hata kazi ikikupita?"

Nasima akaliona tena kichwani duka la ami yake, vikapu, kiti. "Ingeniuma sana," akasema. "Lakini naam."

Bi Faiza akavaa miwani. "Tarehe uliyoiandika ubaoni inapinda kulia kama mashua iliyobeba vibaya. Ulipoteza nusu ya kipindi kwa swali ambalo hukulipima. Darasa lina kelele. Sakafu ni aibu. Hayo yote nimeyaandika." Akasukuma kiti nyuma. "Na nimeandika kwamba watoto wanabishana na mwalimu wao kwa hoja, na kwamba mwalimu anajua nani wa kumwita na nani wa kumngojea. Hilo la pili silifundishi mie, wala chuo hawalifundishi. Mwalimu Abdulrazak! Ingia, naona kivuli chako. Toa kalamu."

Nasima alitoka pale miguu haina habari na sakafu. Alipofika nje ya lango akakumbuka kwamba mama yake anazingojea doti zake zirudi kama zilivyokwenda, akaanza kuzikunja upya akitembea, buluu kwa buluu, manjano kwa manjano, akicheka peke yake njiani.

Asubuhi ya pili alipita kwa Bi Saadiya. Watoto hupeleka habari nyumbani kwa njia zao, na akaogopa pengine mama amesikia tu kwamba jiko lake limejadiliwa skuli mbele ya mkaguzi.

"Shikamoo, Bi Saadiya."

"Marahaba, mwalimu." Bi Saadiya hakuinua macho, alikuwa akigeuza vitumbua kwa kijiti, kimoja kimoja. "Nnasikia jana ulivaa kisutu kiunoni na buluu kichwani."

"Ni kweli."

"Mtu mzima na elimu yake."

"Nisamehe, Bi Saadiya. Sikukusudia kanga zako ziwe..."

"Zangu ziwe nini?" Akainua uso sasa, na uso ulikuwa unapigana na kicheko. "Mwanangu alirudi nyumbani anazungumza mpaka nikamwambia anyamaze nisikie adhana. Miezi mingapi sijamsikia hivyo! Kaa hapo. Kula." Akampa vitumbua viwili kwenye kipande cha karatasi, vya moto, kisha akatikisa kijiti chake kuelekea kichochoroni. "Lakini nna dai kwako. Darasa lako lote limepita hapa leo, mmoja mmoja, na hakuna aliyekuja kununua. Wanakuja kunitazama nilivyovaa! Huyu ananambia hicho kinakwenda, huyu ananambia badilisha cha juu. Yule mtoto wa kinyozi kanipangia mpaka Ijumaa ya wiki ijayo."

Nasima alikaa barazani, akaunguza ulimi kwa kitumbua, akacheka na ulimi wake umeungua.

Upande wa pili wa njia Nadir alikuwa ametokeza tena, mkoba begani, amesimama mikono kiunoni, anamkagua Bi Saadiya kwa makini makubwa.

"Bi Saadiya!" akaita. "Kesho weka ile nyeusi chini!"

"Nyeusi ishaungua!" Bi Saadiya akamjibu kwa sauti ya njia nzima. "Tafuta nyengine!"

Nadir akasimama pale pale katikati ya watu wanaokwenda kazini, akatoa kipande cha chaki mfukoni, akapiga magoti.